Ofisi imesaini ahadi ya kaboni, halafu ikaletwa kazi ya vioo na besimenti mbili

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mbunifu majengo mchanga, mwaka wa pili tu kazini, niko ofisi moja hapa Dar. Mwezi uliopita bosi alisaini ile ahadi ya kupunguza kaboni, logo ikawekwa kwenye tovuti, tukapiga na picha. Wiki iliyofuata ikaingia kazi ya ghorofa nane za ofisi, kama mita za mraba 6,000, besimenti mbili za magari, na klayenti anataka vioo mbele mpaka juu. Nikauliza ahadi inaingia wapi hapo, wenzangu wakacheka, wakasema Afrika hatuchafui chochote, hiyo ni geresha ya kupata wateja wa nje. Ni kweli? Na mtu wa chini kama mimi nifanye nini?

JIBU:

Marahaba mdogo wangu. Wenzako waache wacheke, mimi mwenyewe nimewahi kukaa kwenye ofisi iliyosaini karatasi kama hiyo na miaka mitatu ikapita hakuna aliyefungua hata faili moja la eksel kuhesabu kitu. Logo ilikuwa imekaa vizuri tu pale chini ya tovuti. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba geresha haipo, ipo, na mimi nilikuwemo. Ila hilo ni swali dogo. Swali kubwa ni kwamba hata ofisi yenu ikiamua kuitimiza hiyo ahadi kwa moyo wote, inaweza ikahangaika na kitu ambacho kwa hapa kwetu si chenye uzito mkubwa, na kile chenye uzito kikapita mlango wa mbele kimevaa suti.

Ngoja nianze na zilikotoka hizi ahadi maana hapo ndo utaelewa. Kuna mbunifu majengo wa Marekani anaitwa Edward Mazria, alianzisha shirika la Architecture 2030 mwaka 2002, na 2006 akawarushia wenzake changamoto: majengo mapya yapunguze nishati inayotokana na mafuta na makaa hatua kwa hatua, ikifika 2030 yasitoe kaboni yoyote kwenye matumizi. Chama chao, AIA, kikaigeuza kuwa ahadi ya ofisi mwaka 2009, unasaini halafu kila mwaka unatuma hesabu za miradi yako yote, mizuri na ya aibu. Mwaka 2020 lengo lilikuwa punguzo la asilimia 80, na waliotuma hesabu wastani wao ukawa kama asilimia 50 hivi, na waliotuma wenyewe walikuwa chini ya nusu ya waliosaini. Yaani walifeli, lakini tunajua kwamba walifeli na tunajua kwa kiasi gani, na hicho ndo kitu ambacho ofisi yenu na ile yangu ya zamani hazina.

Afrika nayo haikuachwa nyuma kwenye kusaini. Mwaka 2014 chama cha kimataifa cha wabunifu majengo, UIA, kilifanya mkutano mkuu Durban na pale pale vyama wanachama vikapitisha azimio la kufika 2050 bila kaboni. Halafu 2019 Uingereza ndo ikawa moto, ofisi 17 zilizowahi kushinda tuzo ya Stirling, ile tuzo kubwa ya majengo ya kwao, zikaanzisha ahadi ya tabianchi inaitwa Architects Declare, mamia wakafuata, na mwaka huo huo RIBA, chama cha wabunifu majengo wa huko, wakatoa malengo yao ya 2030. Desemba 2020 Foster + Partners, ofisi kubwa ya London, wakajitoa kwenye hiyo Declare, siku hizo hizo Zaha Hadid Architects, ofisi nyingine kubwa ya huko, nao wakatoka, na ugomvi mkubwa ulikuwa viwanja vya ndege: unaweza kusaini ahadi ya tabianchi halafu ukachora uwanja wa ndege wa kitalii jangwani? Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, maana angalau pale kuna mtu aliichukua karatasi akaisoma mpaka mwisho akaona hapa sitaweza. Huku kwetu tunasaini hatusomi.

Sasa shika hili. Ile ahadi ya Wamarekani inapima nishati ya kuendesha jengo, na inapima dhidi ya wastani wa majengo yao ya mwaka 2003, ofisi zenye hita wakati wa baridi na viyoyozi wakati wa joto. Asilimia 80 chini ya hapo. Haya, ofisi ya serikali ya mtaa hapa Dar, madirisha ya nyavu, feni mbili, taa nne, iko wapi kwenye kipimo hicho? Imeshafika lengo zamani na mwenyekiti hana habari. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha watu ukakibandika hapa, jengo la hovyo kabisa linaweza likatoka na cheti, kwa sababu tu ushindani wake ni ghorofa la Chicago wakati wa theluji.

Na umeme wenyewe umebadilika. Zamani gesi ndo ilikuwa inabeba sehemu kubwa, sasa bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kenya ndo usiseme, mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana, karibu asilimia 90 ya umeme wao hautokani na kuchoma mafuta. Simaanishi uache taa zinawaka. Namaanisha kila uniti ya umeme huku inakuja na kaboni inayozidi kupungua, wakati kaboni ya saruji na chuma inatoka yote kabla jengo halijafunguliwa, na hakuna siku utakayoirudisha. Kwa hapa kwetu mzigo uko kwenye vifaa. Ukiondoka na kitu kimoja kwenye jibu hili ondoka na hicho.

Saruji ina ujanja wake ambao wengi hawaujui, wanadhani shida ni makaa ya mawe yanayochomwa kiwandani. Klinka, zile punje ngumu zinazosagwa kuwa saruji, inapatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa mpaka nyuzi kama 1,450, na lile jiwe lenyewe limebeba kaboni tumboni, ukilichoma inatoka. Hiyo peke yake ni kama asilimia 60 ya uchafu wote wa klinka. Kwa hiyo hata kiwanda kikiwekewa umeme wa jua kila kona, jiwe bado litatema. (Wazee wa pwani waliokuwa wakichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuri za kuni kupata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe na Lamu, kemia ni ile ile, ila moto wao ulikuwa mdogo na chokaa ikikaa ukutani huwa inaivuta tena sehemu ya hewa hiyo pole pole kwa miaka.) Duniani saruji peke yake ni asilimia 7 au 8 ya kaboni yote ya binadamu.

Twende kwenye ghorofa lenu. Hujaniambia gridi ya nguzo, yaani umbali wa nguzo na nguzo, lakini naweza kukutajia bila kuuona mchoro: ni mita 8. Nimejuaje? Besimenti. Gari moja linataka upana wa mita 2.5, magari matatu kati ya nguzo na nguzo ni 7.5, weka na unene wa nguzo unapata 8. Kila mtu anachora hivyo. Na ukishaweka nguzo kila mita 8 kwa ajili ya magari kule chini, zinapanda hivyo hivyo mpaka ghorofa ya nane ambako hakuna gari hata moja, na mhandisi hana namna, anakupa slabu ya bapa, sakafu ya zege isiyo na mihimili, ya milimita 250 na zaidi. Yaani Prado ya mkurugenzi ndo imechagua unene wa sakafu ya mhasibu juu kabisa.

Hesabu ya haraka haraka. Mita za mraba 6,000 kwa slabu ya 250 ni zege mita za ujazo 1,500. Weka saruji kilo 350 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni tani 525, mifuko 10,500 ya kilo 50, kwenye slabu tu, bado nguzo, bado msingi, bado kuta za besimenti. Sasa gridi ikishuka kuwa mita 6, slabu inaweza ikakubali 200, zege linakuwa 1,200. Umeokoa mita za ujazo 300, tani 105 za saruji, mifuko 2,100. Kama ni saruji yenye klinka nyingi, kila tani yake imetoa kama tani 0.8 za kaboni, kwa hiyo ni tani 80 na kitu zimepotea kwa kusogeza nguzo kwenye karatasi. Nguzo zitaongezeka idadi, sawa, zihesabu nazo, lakini hazitazila tani zote hizo. Na nondo nazo zitashuka.

Mimi niliwahi kuipigania hii kwenye mradi mmoja, nikaipigania vibaya, nikaenda kwa klayenti na neno kaboni mdomoni. Aliniangalia kama nimekuja kumuuzia bima. Siku nyingine mkadiriaji majenzi wetu, mzee mmoja mpole hivi, akaongea yeye, akasema tu "hapa kuna mifuko elfu mbili unaizika bure", mjadala ukaisha kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo naongea kwa mifuko. Zidisha wewe mwenyewe kwa bei ya dukani ya leo uone.

Ila gridi haishuki mpaka besimenti ijadiliwe, na hapo ndo pagumu, maana watu wanaona besimenti ni heshima. Nenda kaulize manispaa masharti ya maegesho kwa kiwanja chenu yanataka magari mangapi, uliza wewe, usichukue namba ya klayenti, mara nyingi anazidisha kwa mazoea tu. Labda besimenti moja inatosha. Labda magari yanakaa uani chini ya kivuli. Mjini kwetu maji ya ardhini yako karibu, ukichimba chini mara mbili unajikuta unavuta maji kwa pampu miezi na miezi, kuta nene za kuzuia udongo, zege juu ya zege ya kuzuia maji, na kila mita ya mraba ya chini inakula vifaa kuliko ya juu. Kati ya maamuzi yote ya jengo lenu, hili la besimenti ya pili ndo kubwa kuliko logo, paneli za jua na bustani ya ukutani vikijumlishwa pamoja. Na linaamuliwa wiki mbili za kwanza, kabla hata jengo halijapewa jina.

Kitu cha pili, soma mfuko wa saruji. Wabunifu wengi hawajawahi kuusoma, tunaandika tu "42.5" kwenye maelezo ya kazi basi. Ile 42.5 au 32.5 ni nguvu, haikuambii klinka ni kiasi gani. Kinachokuambia ni yale maandishi mengine. CEM I ni klinka tupu, asilimia 95 kwenda juu. CEM II/A ni 80 mpaka 94, CEM II/B ni 65 mpaka 79, na CEM IV/B, ile ya pozolana, inashuka mpaka 45 hivi. Pozolana ni majivu ya volkano, tunayo, Mbeya kule imejaa. Shida yake inakomaa pole pole, na wahandisi wanapima zege siku ya 28, sasa saruji ya pozolana siku ya 28 bado inajikongoja na fundi anataka kuvua mbao aendelee, kwa hiyo kwenye slabu za juu usilazimishe. Lakini msingi? Msingi hautabeba uzito wote wa jengo mpaka miezi mingi ipite. Muombe mhandisi nguvu ya msingi ipimwe siku ya 56 badala ya 28, aone kama saruji yenye klinka ndogo itamfaa. Mwingine atakuambia hajawahi. Mwingine atakuambia nimekuwa nasubiri mtu aniulize.

Nondo sisemi sana, ila jua kwamba chuma kinachotokana na chuma chakavu kilichoyeyushwa kwa umeme kina kaboni ndogo mbali kabisa na kile cha kutoka kwenye jiwe la madini, na wastani wa dunia ni karibu tani 2 za kaboni kwa tani moja ya chuma. Uliza nondo zinatoka wapi. Muuzaji atashangaa.

Haya, vioo. Hapa Dar jua la asubuhi na la jioni ndo adui, mashariki na magharibi, linakuja limelala linaingia mpaka kwenye kabati la mafaili. Kaskazini na kusini ni rahisi, kivuli kidogo tu cha zege au mbao juu ya dirisha kinatosha kwa sababu jua linapita karibu na utosi. Na upepo tunao, kusi nusu ya mwaka na kaskazi miezi ya joto, wazee walipanga safari zote za majahazi kwa pepo hizo, sisi tunazifungia nje kwa kioo halafu tunanunua kiyoyozi. Kiyoyozi nacho, hesabu gesi yake, hapa ndo watu wanasahau kabisa. Gesi ya R-410A, kilo moja ikivuja angani ni kama tani 2 za kaboni. Kilo moja tu, ambayo ndo iko kwenye split moja ya kawaida. Sasa unajua mtindo wetu, kila mwaka fundi anakuja "kuongeza gesi", ukijiuliza ile ya mwanzo ilienda wapi jibu ni huko huko angani. R-32 ni kama theluthi ya hapo. Mkataba wa kupunguza gesi hizi ulipitishwa hapo jirani, Kigali, Oktoba 2016, na bado kwenye maelezo ya kazi tunaandika "split unit 12,000 BTU" bila kutaja gesi. Andika gesi. Ni mstari mmoja.

Kuhusu wenzako kusema Afrika hatuchafui: wana haki, bara zima ni chini ya asilimia 4 ya uchafu wa dunia, na mtu akija na mkoba wake kutoka Ulaya kukuhubiria usijenge, mpe chai mrudishe. Ila angalia namba nyingine. Sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 tukawa milioni 5.38. Milioni moja ya watu kwa miaka kumi kwenye mji mmoja, wote wanataka chumba, shule, zahanati, ofisi. Sehemu kubwa ya Afrika itakayokuwepo 2050 bado haijajengwa, na wanaoichora ni nyie wenye miaka miwili kazini. Serikali nayo imeshaahidi, mwaka 2021 Tanzania ilipeleka Umoja wa Mataifa lengo la kupunguza asilimia 30 mpaka 35 ifikapo 2030 ukilinganisha na hali ambapo tusingefanya kitu. Na mimi kusema kweli hata kaboni isingekuwepo, bado ningekuambia usizike mifuko elfu mbili ya mtu bure.

Kabla sijasahau, kiwanja chenu kina kitu juu yake? Maana kama mnabomoa jengo, hilo ni swali jingine kabisa. Angalia soko la Kariakoo, lile lililochorwa na mbunifu majengo Beda Amuli miaka ya 70, lenye paa la miavuli ya zege linalokusanya maji ya mvua na upepo unaopita chini yake bila kiyoyozi. Liliungua Julai 2021, na ingekuwa rahisi sana mtu kusema bomoa weka kioo. Likakarabatiwa. Zege lile lililipiwa kaboni yake zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kila mwaka linaposimama ni faida. Jengo likishaungua ni mhandisi ndo wa kukuambia mifupa inafaa au haifai, na asipoulizwa hasemi.

Sasa wewe wa chini ufanye nini. Usiende kwa bosi na hotuba. Mfuate mkadiriaji majenzi wenu, omba BOQ, ile orodha ya vifaa na kazi na kiasi chake, ya mradi mmoja uliokwisha, wowote. Toa humo zege mita za ujazo ngapi, nondo tani ngapi, alumini na kioo mita za mraba ngapi, viyoyozi vingapi na gesi gani. Zidisha na kaboni ya kila kimoja, gawa kwa eneo la sakafu. Itakuchukua siku mbili, na hesabu za kwanza utakosea. RIBA wanataka ofisi mpya ikifika 2030 iwe chini ya kilo 750 kwa mita ya mraba, ila hiyo namba yao inajumlisha matengenezo ya miaka 60 na kubomoa mwishoni, kwa hiyo yako ya BOQ peke yake inatakiwa iwe chini ya hapo kwa mbali, usije ukafurahi mapema kama mimi. Halafu fanya hivyo hivyo kwa mchoro wa sasa, mara mbili, mmoja gridi ya 8 na besimenti mbili, mwingine gridi ya 6 na besimenti moja. Weka kwenye karatasi moja, juu mifuko, chini kaboni kwa herufi ndogo. Mpe bosi ijumaa mchana. Akiitupa, unayo nakala, na mradi ujao utaanza nayo.

Kuhusu kioo cha mbele siwezi kukujibu sasa hivi, umeniambia kila kitu isipokuwa mbele ni wapi. Simama kiwanjani saa kumi jioni, nitumie picha ya kivuli chako kimeangukia upande gani.